Acheni ile miaka juu ya milango ya maduka

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo kuhusu haya majengo ya zamani hapa Moshi mjini. Juzi karibu na soko nimemkuta fundi yuko juu ya ngazi na nyundo anabomoa mwaka uliofinyangwa kwa saruji juu ya mlango wa duka moja la zamani, namba mbili za mwisho zilishadondoka imebaki 19 tu, nikamuuliza kijana mbona unaharibu akasema mzee hapa inakuja aluminiamu na vioo vya bluu, bosi anataka duka lionekane la kisasa. Sikubishana nae, katumwa.

Sasa wanaoona huo ndo usasa waangalie Skopje, mji mkuu wa Makedonia Kaskazini, huko Balkan. Tarehe 26 Julai 1963, saa 11 na dakika 17 alfajiri, tetemeko liliua watu zaidi ya 1,000 na sehemu kubwa ya mji ikalala chini. Stesheni ya treni ilivunjika nusu, saa yake kubwa ya ukutani ikagoma pale pale. Mji ukajengwa upya, akaitwa mpaka Mjapani Kenzo Tange kuchora mipango ya katikati ya mji, ila ile stesheni hawakuifagia, kipande kilichobaki wakakifanya makumbusho ya jiji na ile saa hadi leo inasoma 11 na 17, hakuna aliyethubutu kuitia betri.

Halafu wakaja kuharibu wenyewe. 2010 serikali yao ilitangaza mradi wa Skopje 2014, masanamu kila kona, mwaka uliofuata likasimamishwa la mpanda farasi pale uwanja wa katikati, na majengo ya zege yaliyojengwa baada ya tetemeko yakabandikwa sura mpya yenye manguzo ili yaonekane ya kale. Yaani sisi tunaficha uzee na wao wanaigiza uzee, hasara ni ile ile. 2016 wananchi wakaingia barabarani na rangi wakayarushia masanamu na majengo hayo mpaka yakawa kama khanga.

Najua kuna mtu atasema haya ya kwetu ni ya mkoloni, acha yaende. Skopje walikaa chini ya Waturuki miaka zaidi ya 500, na hamamu ya Daut Pasha, yaani nyumba ya kuogea ya enzi zao, bado ipo, siku hizi inaonyeshwa michoro, na daraja la mawe la enzi hizo juu ya mto Vardar watu wanapita kila siku. Hata Arusha hapo, Boma la Mjerumani la 1900 si ndo makumbusho watoto wa shule wanapelekwa? Na reli iliyofika Moshi 1911, waliobeba mataruma hawakuwa magavana.

Tatizo lingine ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, hapa Moshi mjini utalipata wapi, mengine mpaka waziri atangaze, kwa hiyo mwenye nyundo hana wa kumuuliza. Mi siombi mji ugandishwe, biashara ni biashara na kodi za fremu tunazijua. Ndani vunja, weka tailizi, weka taa unazotaka, ila uso wa mbele na namba zake uuache, na mtu akienda manispaa kuomba kibali cha ukarabati aambiwe kabisa hapa hugusi.

Na stesheni yetu isisahaulike, treni ya Dar imerudi tangu 2019 na abiria wanakaa pale wanasubiri, kitafutwe chumba kimoja kiwekwe picha na vifaa vya zamani. Wastaafu wa reli bado tunao mitaani, wengine wana picha na tochi zao za kazini ndani ya masanduku, wafuatwe sasa hivi kabla wajukuu hawajaziuza kwa wa vyuma chakavu.

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi