Mwanangu, mpigie hodi huyo ndege

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na picha ya kidole alichokiuma Bizari, ndege wako, nimeiona. Kioshe kwa maji na sabuni, kitapona. Watu wakisikia "ndege wa mapenzi" hudhani wamepata kitu cha kubembeleza, kumbe jina hilo cherero, kasuku hawa wadogo, wamepewa kwa jinsi wanavyopendana wao kwa wao, dume na jike wakikaa bega kwa bega kutwa nzima. Mapenzi hayo hayamhusu mtu aliyetia mkono tunduni bila hodi.

Umeuliza utamzoeshaje Bizari mkono, kisha utamfundishaje michezo kama ya yule uliyemwona kwenye video. Unadhani moja linamalizika ndipo la pili lianze. Mimi nakwambia anza na mchezo. Ndege akishajua kwamba akifanya kitu fulani anapata mbegu, na asipokifanya hapati ila hasumbuliwi, ameshaanza kukuzoea.

Kwanza tuliondoe lile la taulo. Aliyekupa ndege amekwambia umzongomeze kwenye taulo, umshike mpaka aache kupigana, eti akitulia ndiyo kazoea. Usithubutu. Ndege aliyeshikwa akanyamaza ameganda kwa hofu, maana kwa mnyama mdogo kama yeye anayembana mwili ni yule anayekuja kumla. Tena kuna hatari nyingine. Ndege hana ule msuli wa chini ya mapafu unaotusaidia sisi kuvuta pumzi. Yeye hupumua kwa kusogeza mfupa wa kidari. Ukikibana kidari, hata kwa upole, unamziba pumzi. Taulo lina siku yake, siku ya kwenda kwa daktari wa mifugo au ya kukata kucha, na hata siku hiyo kinachoshikwa ni kichwa, kidari kinaachwa huru.

Sasa jifunze kumsoma. Usitarajie aongee kama kasuku wakubwa, cherero wanaotamka neno ni wachache sana. Lakini mwili wake hausiti kusema. Akiogopa, manyoya yanabana, anakuwa mwembamba na mrefu, shingo inanyooka, anaegemea upande ulio mbali nawe. Ukizidi kusogea, mdomo unaachama. Hapo bado ni onyo. Nimeitazama ile video yako zaidi ya mara moja: Bizari aliegemea nyuma, akaachama, akaegemea tena, nawe kidole kinakwenda tu kama treni. Alikuwa amebakiwa na nini zaidi ya kuuma? Akiwa salama manyoya yanalegea, anajichokoachokoa, anasimama kwa mguu mmoja, na jioni utamsikia akisagasaga mdomo kabla ya kulala. Hiyo sauti ya kusaga ukiisikia nawe umekaa karibu, jua mambo yanakwenda.

Kwa hiyo wiki hizi za mwanzo sahau kumgusa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa ni kuinama kweli: kaa chini, kichwa chako kisizidi cha kwake, usimkodolee macho, fanya kazi zako. Tafuta umbali ambao ukikaa yeye anaendelea kula. Hapo ndipo kiti chako kianzie. Kesho sogeza kidogo. Akiacha kula, rudi ulikotoka. Ukipita karibu na tundu, tia mbegu kwenye kikombe chake uende zako. Kule kuondoka kwako nako ni zawadi, maana anaona kwamba ukija, kinakuja kitu kizuri, na kwamba hukai kumbana.

Kuhusu hiyo mbegu: mwekee vitu vitatu vinne kwenye chombo kimoja uone anakimbilia nini kwanza. Wengi hupenda suke la mtama mdogo au mbegu ya alizeti. Ukishakijua, kitoe kwenye chakula chake cha kila siku, kitoke mkononi mwako peke yake, na vipande viwe vidogo vya kumalizwa haraka. Lakini usimshindishe njaa ili afanye kazi. Ndege wa gramu 50 hana akiba mwilini. Fundisha asubuhi kabla hajapewa chakula cha siku, inatosha. Mnunulie mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, umpime na kuandika. Ndege huficha ugonjwa mpaka umezidi, na mara nyingi uzito ndio husema mapema.

Kisha tafuta kijiti chembamba chenye ncha butu, na kalamu ya kubofya. Kalamu ni kwa ajili ya sauti. Bofya, mpe mbegu. Bofya, mpe mbegu. Baada ya muda mfupi utaona akisikia mlio anageuka kutazama mkono wenye mbegu. Hapo sauti imekuwa ahadi, na ahadi hiyo usiivunje hata siku moja: ukibofya, hata kwa bahati mbaya, lipa.

Sasa pitisha ncha ya kijiti kati ya nyaya, iwe mbali naye kwa urefu wa kidole, utulie. Usimfuate nayo. Atakitazama kwa jicho moja, atageuza kichwa akitazame kwa la pili. Atanyoosha shingo huku miguu imebaki ilipo. Halafu atakigusa kwa ncha ya mdomo, pengine kwa ule ulimi wake mfupi mnene, mguso mwepesi usioweza hata kuusikia mkononi. Hapo hapo ubofye, mdomo ukiwa kwenye kijiti. Ukichelewa ukabofya anaporudisha shingo, umemfundisha kurudisha shingo. Hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi nzima na ugumu wake uko kwako; Bizari atakuwa ameshaelewa zamani. Fanya mazoezi bila ndege: mtu adondoshe mpira, wewe ubofye unapogusa sakafu.

Akishakigusa kwa kujiamini, kisogeze kidogo akifuate. Hatua moja kwenye kijiti cha kukalia, kisha mbili, kisha mpaka mlangoni. Mlango ukiwa wazi, mkono wako na kijiti vibaki nje. Ndani ni kwake. Akitaka kutoka atatoka, asipotaka mnacheza pale pale mlangoni.

Mkono unaingia hapa, kama kikwazo cha njiani tu. Usimamishe kwa ubavu mbele yake, kidole gumba kimekunjwa, na kijiti kiwe ng'ambo ya mkono. Ili akifikie lazima akanyage. Siku ya kwanza pengine ataweka mguu mmoja na kuurudisha. Lipa huo mguu mmoja. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Cherero kabla ya kupanda mahali hupajaribu kwa mdomo, kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Atakushika kidole kwa mdomo, si kwa kuuma, aone kama kinamhimili. Ukiushtua mkono wakati ule, ameshajua kwamba wewe ni tawi bovu, na siku nyingine atashika kwa nguvu zaidi. Tulia. Utasikia ubaridi wa ngozi ya miguu, vidole viwili mbele na viwili nyuma vikifumbata, na utashangaa alivyo mwepesi.

Ukifika hapo, kuzunguka ni kazi ndogo. Kijiti kinamzunguka, anakifuata; lipa robo ya mzunguko, kisha nusu, kisha mzima. Pole pole unafupisha kijiti mpaka kinabaki kidole kinachochora duara hewani.

Mchezo wa kupachika pete kwenye mti ndio unaohitaji akili kidogo. Watu humfundisha ndege kuanzia kuokota, kwa kuwa ndivyo mchezo unavyoanza. Wewe anzia mwisho. Cherero kuokota kitu hafundishwi, atakiokota na kukitafuna mwenyewe. Kinachofundishwa ni kukiachia mahali unapotaka. Kwa hiyo mpe pete nyepesi ya plastiki ngumu, na akiwa nayo mdomoni weka bakuli chini kabisa ya kidevu chake. Atachoka, ataiachia, italia kwenye bakuli. Bofya. Fanya hivyo mpaka ukiona anaiachia kwa makusudi huku akikutazama kuulizia malipo yake, ndipo usogeze bakuli kwa upana wa ukucha. Ikidondoka nje, kimya, hakuna malipo wala makaripio. Awe amelimudu bakuli hilo kabla hujaleta mti wa kupachikia, na huo mti uanze mfupi, wa kuzuia pete kwa shida tu.

Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku. Acha wakati bado anataka. Mimi huacha baada ya kitu anachokijua vizuri, hata kama kile kipya hakijakamilika.

Nataka kukuambia pia kuhusu karatasi, maana kwenye picha nimeona vipande vimechomekwa kwenye manyoya ya kiuno chake. Umecheka, nami nimecheka, lakini ni habari. Bizari ana uso wa waridi na hana ule mviringo mweupe kuzunguka jicho, kwa hiyo ni wa jamii inayotoka Namibia na Angola, na kwa jamii hiyo majike ndiyo hasa hukata vipande virefu na kuvibeba kiunoni kupeleka kiotani. Cherero wa Fischer, wale wa kaskazini mwa Tanzania wenye mviringo mweupe, hubeba kwa mdomo. Mwaka 1962 William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza jinsi alivyowachanganya hao wawili: chotara wao walijaribu kuchomeka kipande kiunoni, kikadondoka, wakajaribu tena, na iliwachukua miaka kuzoea kubeba kwa mdomo. Kwa hiyo yako mambo ambayo ndege amezaliwa nayo. Ukimpangia mchezo, pangia kile ambacho mwili wake unakipenda: kutafuna, kuvuta, kupanda, kupenya kwenye kishimo. Kubeba kwa mdomo kitu kirefu na laini, hapo unaweza kuwa unashindana na damu.

Na kwa kuwa pengine Bizari ni jike (macho hayawezi kusema kwa jamii hii, ni kipimo cha vinasaba), toa hicho kiboksi ulichomwekea alale, na umpunguzie karatasi. Kiboksi ni kiota machoni pake, na jike mwenye kiota hulinda kwa mdomo. Msugue kichwa na mashavu tu akikuinamishia. Mgongoni na chini ya mabawa mwachie mwenzi wake, maana kunamtia joto la kutaka kutaga. Apate saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Nusu ya ukali wa cherero wengi hutokana na kukosa usingizi na kuwa na kiota, lakini watu wanalaumu tabia.

Akikuuma hata hivyo? Usipige kelele, usimpulizie usoni, usimtikise. Mshushe taratibu, kisha kaa ujiulize alikuonya saa ngapi.

Mabawa usiyakate. Najua utaambiwa ndege aliyekatwa huzoea haraka. Hazoei, ila hana pa kwenda, na asiye na pa kwenda huuma. Mwache aweze kuruka akuache, ili akija ujue amekuja. Funga madirisha, funika vioo, zima feni. Jikoni asiingie kabisa: sufuria za kutonata zikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake.

Umeuliza kama umtafutie mwenzi. Kwamba cherero wa peke yake hufa kwa huzuni ni hadithi, lakini upweke unamwumiza kweli, na anaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Kama shughuli zako zitakuwa za kutoka asubuhi na kurudi usiku, mtafutie. Wawili watakuhitaji kidogo kuliko mmoja, na bado watafundishika, kila mmoja kwa zamu yake. Ila awe aliyezaliwa kwa mfugaji, si wa kunaswa porini, na mwanzoni huyo mgeni awe na tundu lake mwenyewe mpaka uone wanavyotazamana.

Nitumie uzito wake wa asubuhi kwa wiki moja, na video nyingine. Safari hii kamera imwangalie ndege, uso wako naujua.

Mama yako