Kwa Mganga Mkuu wa Serikali: damu ichukuliwe mtoto angali wodini

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni muuguzi mkunga, Kanda ya Ziwa. Nakuandikia kuhusu rubella, ugonjwa wa virusi wenye vipele ambao, mama akiupata mimba ikiwa changa, huweza kumdhuru mtoto tumboni macho, masikio na moyo.

Mama mmoja alijifungua kwetu, mboni za mtoto zikiwa na weupe. Tukaandika "mtoto wa jicho", tukampa rufaa. Mimba ikiwa changa alitoka vipele siku tatu, akadhani ni joto. Alitueleza, hatukuandika. Aliporudi, mtoto ana mwaka na miezi saba na hasikii hata ukigonga sufuria nyuma yake. Tukataka kipimo cha rubella, muda ulishapita. Kingamwili za IgM alizozaliwa nazo, zinazoonyesha maambukizi ya karibuni, hudumu miezi michache tu, na IgG, ile inayobaki mwilini baada ya ugonjwa au chanjo, haikuwa na la kutuambia kwa kuwa alishapata chanjo ya surua-rubella ya miezi tisa. Mama bado ananiuliza alikosea wapi. Sina karatasi ya kumjibu.

Hakukosea popote. Kampeni ya chanjo hiyo ya Oktoba 2014 ilichanja watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15. Yeye alishavuka umri huo, na wa rika lake bado wanazaa.

Siombi kila mjamzito apimwe rubella. Vitendanishi vya kaswende tu vinatuishia, na IgM ya mjamzito asiye na dalili yoyote huweza kudanganya ikamtia hofu bure. Apimwe aliyetoka vipele au aliyekaa na mgonjwa, na damu irudiwe baada ya wiki mbili tatu kabla hajaambiwa neno zito.

Kichanga ndiye asiyeweza kungoja. Akizaliwa na mtoto wa jicho, hitilafu ya moyo au kichwa kidogo kuliko kawaida, atolewe damu kabla ya kuruhusiwa. Njia ipo tayari: damu ya watoto wanaoshukiwa surua husafirishwa kutoka wilayani hadi maabara ya taifa, na isipokuwa surua hupimwa rubella. Tupe waraka unaoruhusu chupa ya damu ya kichanga iingie kwenye boksi hilohilo la barafu, na unaotaja nani ataleta majibu wodini. Majibu yakija mapema, masikio yatachunguzwa kabla mtoto hajachelewa kusema.

Jambo jingine linaninyima usingizi. Mtoto aliyezaliwa na rubella huweza kutoa virusi hadi mwaka mzima, kwa mate na mkojo. Yule wetu alikuja kliniki kila mwezi, akipakatwa kwenye benchi wanaloketi wajawazito.