Wanafunzi wafundishwe kupima hoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hoja ninayoisikia mara kwa mara darasani, kwamba shule haina faida kwa kuwa matajiri kadhaa waliiacha mapema. Juzi mwanafunzi wa kidato cha tatu aliiandika ubaoni kwa chaki, na wenzake wakampigia makofi. Nikawauliza: walioacha shule wakabaki maskini mmewahesabu wapi? Darasa likanyamaza.

Kosa hilo si geni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanahisabati Abraham Wald, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichunguza takwimu za ndege za kivita zilizorudi zikiwa na matundu ya risasi, akatambua kwamba sehemu zenye matundu machache, kama injini, ndizo za kuhofiwa zaidi, kwa sababu ndege zilizopigwa hapo hazikurudi kuhesabiwa.

Inaniuma kwamba mitihani yetu hudai tarehe na fasili, lakini ni nadra kumtaka mtahiniwa aonyeshe hoja imevunjikia wapi. Naiomba Wizara ya Elimu iingize maswali ya aina hiyo tangu kidato cha kwanza.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro