Tupige kura, tujenge madarasa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme habari ya boma la darasa lisilokwisha lililo nyuma ya shule wanakosoma wanangu, huku Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Tulilijenga wenyewe. Mjumbe alipita na daftari, kila kaya ikatoa elfu kumi, na wasiokuwa nazo wakasomba mchanga. Boma likafika kwenye lenta, michango ikakatika. Masika ya mwaka huu ni ya tatu. Nondo zimeshika kutu, ndani umeota mpapai unaozaa, na binti yangu wa darasa la tatu anakaa sakafuni na wenzake zaidi ya mia. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Kwa fedha za kukabili athari za UVIKO-19 peke yake, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, kila moja kwa shilingi milioni 20. Lakini huku mashamba ya mikorosho yamekatwa viwanja, kila mwezi watu wanahamia, na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 kila mtoto anaandikishwa, kama inavyopaswa.

Ombi langu ni kwamba halmashauri za maeneo yanayokua ziuze hati fungani za madarasa, yaani zikope kwa watu na kuwarudishia fedha zao pamoja na riba, na kabla ya kuziuza sisi wakazi tupige kura. Sheria inaziruhusu kukopa kwa kibali cha waziri. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hati fungani ya shilingi bilioni 53.12, ikanunuliwa yote.

Najua nitaulizwa: Tanga wanauza maji ndipo walipe deni, shule itauza nini? Swali hilo ni la haki. Mimi nasema kodi ya majengo. Nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwenye malipo ya umeme ya LUKU, na ghorofa hukatwa zaidi. Nyumba hizi mpya ndizo zinazoleta watoto, na ndizo zinazoongeza kodi hiyo. Sehemu yake itengwe kisheria, ilipe deni la madarasa tu. Ule mchango wa elfu kumi ulimtoza mama muuza maandazi sawasawa na mwenye ghorofa, na hilo liliniuma.

Na kura iwe ya karatasi, si mikono ya watu thelathini chini ya mwembe. Karatasi ionyeshe ni madarasa mangapi, yatajengwa wapi, riba ni kiasi gani na deni litaisha mwaka gani. Asiyetaka akatae. Mimi nitasema ndiyo.

Nawaomba madiwani wetu waifikishe hoja hii barazani kabla ya Januari, darasa la kwanza wapya hawajaingia.

Mzazi,
Chanika, Dar es Salaam