Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maji ya Mbwinji

Ndugu wanachama wa jumuiya yetu ya watumiaji maji,

Salaam. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada zimelipwa vizuri baada ya minada ya korosho, nami nawashukuru.

Hoja iliyotukalisha vikao vingi ni ile ile: kwa nini maji ya chemchemi ya Mbwinji, yaliyo wilayani kwetu Masasi, mkoani Mtwara, yavuke mpaka wa mkoa hadi Nachingwea, Lindi, ilhali baadhi yetu bado tunabeba ndoo kichwani?

Mimi nasema yaende. Mvua ya Desemba hadi Aprili hunyesha kule juu kwenye uwanda wa Makonde, ikazama mchangani, ikaja kutoka huku chini kama chemchemi. Wenzetu wa Newala na Tandahimba, wanaoishi juu ya uwanda huo huo, ndio wenye kiu kuliko sisi: wanakinga maji ya bati, na ya chanzo cha Mitema, kilicho bondeni, hayawafikii mpaka yasukumwe na pampu kupanda mlima. Tukianza kudaiana maji, wao ndio watakaoanza kutudai sisi. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iko wazi: maji ni ya umma, anayeyachukua huyachukua kwa kibali cha Bodi ya Bonde, yaani bodi ya serikali inayosimamia maji ya eneo letu, si kwa kuwa amezaliwa karibu nayo.

Lakini kugawana kuna pande mbili. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru chanzo cha maji ndani ya mita 60, nasi tumeitii. Mzee mmoja, mwanachama mwenzetu, alikata migomba yake ikiwa na mikungu inayokaribia kukomaa, akapanda mikuyu mahali pake. Hakufidiwa hata senti. Jambo hili linaniuma, na nitaendelea kulisema kila nitakapoitwa. Anayefungua bomba mjini analipia pampu, dawa na mabomba. Anayelinda msitu unaoyatunza maji hayo hamo kwenye bili.

Barua yetu ya kuomba vituo vya kuchotea maji kwenye vitongoji vinavyopitiwa na bomba haijajibiwa.

Kwa hiyo naleta mambo mawili mkutano uyapigie kura: tupeleke kwenye Bodi ya Bonde ombi la sehemu ya tozo ya maji irudi kulinda chanzo, na tuwaalike watumiaji wa Nachingwea waje tukae nao kabla ya kiangazi kijacho.