Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, assalamu alaykum, na salamu kwa wote.

Ya kawaida nitayapita mbio, maana mlikuwapo, au mlipaswa kuwapo. Mafunzo ya BLAST, programu ya kulinganisha jeni, yalifanyika Tudor kama kila mwaka. Vijana walifundishwa kupakua jenomu, yaani herufi zote za DNA ya kiumbe, kutoka kanzidata ya mimea ya Ensembl Plants, na kupekua Cassavabase, kanzidata ya mhogo. Ziara ya mashamba ya mihogo Mtwapa ilifanyika, mvua ikatunyeshea, tukarudi. Za fedha anazo mweka hazina: ada na michango ya mafunzo zimeingia shilingi 186,000, zimetoka 171,400, baki iko benki.

Sasa nije kwa lile lililojaza simu zenu: kamati kuacha kulipia TAIR.

Kwa wanachama wapya, TAIR ni kanzidata ya Arabidopsis, kijimmea cha jamaa ya kabichi ambacho jenomu yake ilichapishwa Desemba 2000, ya kwanza kwa mmea wowote. Kwa miaka mingi iliendeshwa kwa fedha za serikali ya Marekani, nasi tukiitumia bure. Ufadhili ulipokoma, shirika la Phoenix Bioinformatics likaichukua mwaka 2013, na gharama sasa hubebwa na ada za watumiaji. Chama kilikuwa kikilipa. Mwaka huu fedha hizo tumenunulia seva moja na diski mbili, tukahifadhi humo jenomu za mhogo, mnazi, kunde na mpunga. Wazo hilo lilikuwa langu, na sioni haya kulisema.

Walionipinga wana hoja moja ya maana, nami naitaja nisije nikaambiwa nimeificha. Kazi ya jeni nyingi za mhogo au kunde tunaikisia kwa kuzilinganisha na jeni za Arabidopsis zilizothibitishwa maabara, na wahariri wa TAIR husoma makala moja moja na kuandika ushahidi wake. Kweli kabisa. Lakini yale wanayolipia waliojiandikisha huachiliwa kwa umma bure baada ya mwaka mmoja. Mtafiti wa mnazi wa Kikambala ambaye kazi yake imekwama kwa kukosa habari za miezi kumi iliyopita, mimi sijamwona. Mwenye haraka zaidi ana kurasa chache za kufungua kila mwezi bila kulipa.

Na tuulizane, nani hapa Pwani analima Arabidopsis? Ukinzani dhidi ya batobato la mhogo, ugonjwa wa virusi, unaoitwa CMD2 uliwasumbua watu miaka mingi, hadi mwaka 2022 ulipohusishwa na mabadiliko katika jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA. Waliofika hapo walifuatilia jenomu ya mhogo wenyewe, yenye herufi zaidi ya milioni 700. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye seva yetu. Nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zimetua hapahapa Mombasa tangu 2009, lakini faili la mnazi, lenye herufi zaidi ya bilioni 2, likipakuliwa ofisini kwetu hukatika njiani. Nakala ya karibu haikatiki.

Kuhusu minong'ono kwamba seva iko nyumbani kwangu: iko, kwa sababu mwenye jengo la ofisi alikataa isiachwe ikiwaka usiku. Umeme nalipa mimi. Anayeitaka kwake aje aichukue pamoja na bili.

Mnasema uamuzi haukupita kwenye mkutano mkuu. Mkutano upi, jamani? Tuliitisha Machi wakaja 14. Tukaitisha tena Mei, wakapungua, na wawili kati yao waliondoka mara baada ya chai na mahamri. Wanachama tuko 64, akidi ni theluthi. Mikutano miwili ikishindikana, katiba inaipa kamati mamlaka ya kuamua, na kamati ikaamua. Kifungu hicho mlikipitisha wenyewe, kumbukumbu zipo na sahihi zenu zipo.

Ada ndiyo aibu yetu kubwa. Waliolipa mwaka huu ni 23, na wanaodai tulipie kanzidata ya kigeni, wengi wao hawamo katika hao 23. Majina sitayataja, mweka hazina anayo. Nimebadilisha uongozi wa fedha, nimetafuta ukumbi wa bure, nimebeba projekta kwenye tuktuk. Kuwalipia ada siwezi.

Mwakani, inshallah, tunatarajia kuwa na kikao kirefu cha mnazi, kuzungumza na wenzetu wa vyuo vya Pwani, na nakala za seva kusasishwa pindi matoleo mapya yanapotoka. Mambo mengine ya ofisi tutayaangalia fedha zikiruhusu.

Risiti zitaandikwa mlangoni kabla ya kura. Asiyelipa hapigi. Naomba taarifa hii ijadiliwe na kupokewa.

Nawasilisha.
Mwenyekiti