Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Fasihi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bi. Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzangu, hamjambo?

Kwa niaba ya wanachama 34 wa Chama cha Kiswahili, tunakukaribisha kwa mikono miwili hapa Makadara. Umeacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi kwenye viti vya plastiki, nasi hatulichukulii hilo kuwa jambo dogo.

Muhula huu tulijiwekea mada moja: watu wanaoteseka kwa ajili ya wengine katika fasihi. Tulidhani tungeimaliza kwa wiki mbili. Kumbe kila tulikogeuka tuliikuta. Wagiriki wanaye Prometheus, aliyewaibia miungu moto ili awape wanadamu, akafungwa jabalini awe chakula cha tai. Charles Dickens, katika riwaya yake ya 1859, anaye Sydney Carton, anayeingia gerezani Paris na kubadilishana nguo na mfungwa ili akatwe kichwa badala yake. Hao tuliwapitia mbio. Waliotukalisha kitako ni wa kwetu.

Kuna ngano ya Wagikuyu kuhusu msichana Wanjiru. Mvua imekatika miaka mitatu. Mganga anaagiza Wanjiru anunuliwe, kila mtu aje na mbuzi. Anasimama uwanjani, ardhi inaanza kummeza: magoti, kiuno, kifua, shingo. Kila ndugu anayepiga hatua kwenda kumwokoa anapewa mbuzi, naye anarudi nyuma. Kisha mvua inanyesha. Tulipofika hapo chumba kilinyamaza, hadi msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akauliza: "Huyu alijitoa au alitolewa?"

Tangu siku hiyo hatukuwa na swali jingine. Kiswahili kina kutoa kafara na kina kujitoa mhanga, na tulikuwa tukiyatumia kana kwamba ni kitu kimoja.

Swali hilo tulilipeleka kwa Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi za Wajerumani, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Kinjeketile wa historia alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, Vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vinaanza. Mwandishi amemwacha hai hadi mwisho. Amepigwa, yumo kifungoni, anatakiwa atamke tu kwamba maji yalikuwa uongo. Ameshaona kuwa hayakuzuia risasi. Hata hivyo anakataa, kwa sababu akitamka hivyo, watoto wataambiwa kwamba kupigania uhuru lilikuwa kosa. Huyo amejitoa, hatuna shaka. Lakini wale waliomwamini wakazikimbilia bunduki? Tulibishana Ijumaa tatu mfululizo, na mpaka leo chama kimegawanyika.

Mabishano yakaingia majumbani. Mwenzetu mmoja aliandika insha kuhusu dada yake, aliyeacha shule ili yeye alipiwe karo. Dada huyo sasa huamka saa tisa usiku kwenda Marikiti kuchukua sukuma wiki za kuuza. Nyumbani kila mtu anamsifu kwa moyo wake, aliandika, ila hakuna aliyewahi kumuuliza kama alitaka. Alipomaliza kuisoma hakuna aliyepiga makofi. Jioni hiyo alikwenda kumuuliza. Jibu alilopewa hajatuambia, nasi tumeona si vizuri kumdadisi.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza ni vitabu. Tamthilia ya *Kinjeketile* tunayo nakala 4 tu, na moja imeshonwa kwa uzi wa fundi viatu. La pili ni nauli ya kutufikisha Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kuona tamthilia ikichezwa jukwaani na watu wazima.

Sasa tunakuomba utazame onyesho la mwisho la *Kinjeketile*. Mwalimu alimtaka mchezaji wetu apaze sauti, naye akamjibu kwa adabu kwamba mtu aliyepigwa usiku kucha hapigi kelele. Kwa hiyo atazungumza polepole, mikono ikiwa imefungwa kwa kamba ya katani. Tunawasihi walio nyuma wasogee mbele.

Ahsante sana.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Kiswahili.